Jua Tulilolisimamisha Langoni

Nilikuwa darasa la saba, katika kijiji cha majani chai upande wa chini wa Litein, mwaka ambao mimi na Nyaboke tulijaribu kujenga jua na sayari zake, tukashindwa. Nasema hivyo mapema ili msomaji asingoje kusikia kwamba mwishowe kazi yetu ilisimama ikapigiwa makofi. Haikupigiwa. Mimi sasa ni mtu mzima mwenye watoto wangu, lakini kuna siku nikiteremka njia ile ya kwetu hasira hunipanda kana kwamba mambo yalitokea jana.

Yalianzia kwenye chati ya ukutani. Darasani kwetu kulikuwa na picha ya jua na sayari zikiwa zimepangwa bega kwa bega kama mayai kwenye trei. Nyaboke, aliyekaa nami dawati moja, aliinua mkono akauliza mbona dunia imekaribia jua hivyo na hali mwalimu alikuwa ametuambia ziko mbali sana. Mwalimu wetu wa sayansi alisema karatasi haitoshi. Nyaboke akauliza kama kuna mahali panapotosha. Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka pia, lakini alitupa vipimo na kutuambia tutafute mahali hapo wenyewe. Tukitengeneza kitu cha maana, akasema, tutawaonyesha wageni siku ya wazazi.

Nyaboke hakuwa mtoto wa hapo. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Nyaboke, alikuwa ametoka upande wa Kisii baada ya kufiwa na mumewe, akapanga chumba katika boma la jirani yetu na kuchuma majani katika mashamba ya watu, letu likiwamo. Nyaboke alikuja akiwa mdogo, akajifunza Kipsigis barabarani akicheza nasi, na nilipomzoea nilisahau kabisa kwamba kuna watu wasiosahau.

Tulikaa na hesabu zile jioni nyingi. Tulichagua jua liwe la ukubwa wa kabichi ndogo, halafu tukagawanya, na dunia ikatoka punje moja ya wimbi. Tulidhani tumekosea. Tukarudia, ikatoka wimbi tena. Jambo lililotushtua zaidi lilikuwa umbali. Uwanja wa shule haukutosha hata nusu. Mahali pekee palipotosha palikuwa njia inayoanzia langoni petu na kuteremka moja kwa moja kati ya mashamba ya chai hadi kituo cha kununulia majani. Jua likikaa langoni, sayari ya mwisho ingeangukia pale kituoni, kwenye kibanda cha mizani. Nyaboke alisimama pale chini siku tuliyopima, akatazama juu hadi langoni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kutoka hapa jua lenyewe halionekani vizuri. Ndiyo mara ya kwanza nilipoelewa kitu cha shule kwa mwili wangu wote.

Jua tulilitengeneza kwa magazeti ya Baba na gundi ya uji wa unga, tukalipaka bizari mpaka vidole vyetu vikawa vya manjano wiki nzima. Sayari kubwa kuliko zote ilikuwa gololi. Inayofuata ilikuwa kidonge cha udongo chenye pete ya bati. Zile mbili za mwisho zilikuwa ndengu, moja moja. Kila moja tuliitia katika kichupa cha dawa kinachoonyesha ndani, chenye kizibo, tukakifunga kwa uzi kwenye kijiti cha mkaratusi, na chini yake kipande cha katoni chenye jina, kwa mwandiko wa Nyaboke, kwa sababu wangu ulikuwa mbaya.

Siku ya kwanza tulipolisimamisha jua langoni, Kogo aliliona.

Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kipsigis. Alikuwa mama yake Baba, mwanamke mwembamba, mkali, aliyekaa safu ya mbele kanisani na kukemea watu wanaochelewa. Lakini kila asubuhi, kabla hajaongea na mtu yeyote, alitoka nje, akageukia mahali jua linapochomoza, akatema mate kidogo kama wazee walivyokuwa wakifanya, akanong'ona maneno ambayo hakuwahi kutufundisha. Jua aliliita Asis, jina lile lile ambalo wazee walitumia walipomwita Mungu. Hakuona kwamba kanisa na Asis vinagombana. Mimi niliona, na kwa umri wangu ule nilimwonea aibu.

"Hii kitu ni nini mmeweka kwa lango yangu?" akauliza.

"Ni jua, Kogo. Ni ya shule."

Alilizunguka mara moja. "Asis haiwekwi kwa mti. Na haishushwi chini. Mkishusha chini, itachoma mtu."

Nilimwambia ni karatasi na uji tu.

"Picha ya babu yako pia ni karatasi," akasema. "Wewe unaweza kanyaga?"

Swali hilo lilinikasirisha kuliko katazo lenyewe. Tuliporudi kutoka shuleni jioni ile jua halikuwapo. Nililikuta jikoni, juu ya dari, limefungwa kwa leso yake safi kati ya mahindi ya mbegu. Hakuwa amelitupa. Alikuwa amelihifadhi kama mtu anavyomhifadhi mgeni ambaye hakupaswa kufika.

Tulilirudisha. Akaliondoa. Tulilirudisha tena, akaliondoa tena, na kila mara tulilazimika kupima upya kwa sababu alikuwa aking'oa na mti wake. Na si Kogo peke yake. Kuku wa jirani waligundua kwamba kizibo cha kichupa cha dunia kinatoka kikidonolewa, wakala dunia. Tukaweka wimbi jingine, wakala tena. Ndama alikiangusha kichupa kingine kizibo kikatoka, akatafuna kidonge cha udongo kwa ajili ya chumvi, akabakiza pete. Mwendesha boda boda mmoja alichomoa mti wa gololi kukwangua matope kwenye gurudumu lake, akautupa katikati ya chai, na ilitubidi tupekue mashina mpaka giza likaanza kuingia, tukalowa hadi kifuani. Nyaboke alikuwa na subira. Mimi sikuwa nayo. Nililia kwa hasira nikiwa nimepiga magoti kwenye yale majani, nikasema kijiji hiki hakitaki mtu ajue kitu. Nyaboke aliendelea kupapasa mpaka akaipata.

Mwishowe nilimwendea Baba. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo kwa wenzake lilikuwa kubwa, na kwa sababu hiyo walimfanya katibu wa kituo cha majani. Alisikiliza redio kila jioni na alipenda kutueleza mambo ya dunia. Nilipomweleza, alifurahi kweli. Aliteremka nasi njia nzima akisoma majina, akauliza maswali mazuri, na akamwambia Kogo mbele yetu, "Mama, achana na watoto. Hayo ni masomo."

Kogo hakungoja zaidi. Aliingia jikoni akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuligusa jua letu tena, na alipotoka nje asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba ili asilione.

Kwa hiyo ikawa kwamba siku moja kabla ya siku ya wazazi kila kitu kilikuwa mahali pake. Jua langoni, punje na gololi na ndengu zikiteremka kwa mpangilio wake mpaka kibanda cha mizani. Tuliruhusiwa kutoka shuleni mapema kwenda kukagua. Joto lilikuwa jingi mno, na upande wa msituni wingu jeusi lenye kingo za kijani lilikuwa likipanda. Mtu yeyote wa Kericho anajua wingu hilo.

Mvua ya mawe ilianza tukiwa katikati ya njia. Tulikimbilia kwetu tukiwa tumejifunika mabegi kichwani, na yaliyotupiga mikononi yalikuwa makubwa kama maharagwe, kisha makubwa zaidi. Ndani, chini ya mabati, huwezi kusikia mtu akiongea. Nilimwona Kogo akichukua shoka, akalipaka jivu la mekoni, akafungua mlango na kulitupa uani. Ukoo alimozaliwa ni wa mvua na radi, na hiyo ilikuwa kazi yao, kuiambia mvua inyamaze. Midomo yake ilikuwa ikienda lakini sikusikia neno. Nyaboke alinishika mkono. Sijui ilichukua muda gani. Ilipokoma, uani kulikuwa kweupe, na harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ilikuwa imejaa kila mahali, nzuri na ya kutisha.

Shamba letu lilikuwa vijiti vitupu. La jirani pia. Wingu lile lilikuwa limeteremka ukingo mmoja tu wa kilima, likapita njia yetu, likaishia karibu na kituo. Ng'ambo ya kijito hakuna jani lililoguswa, mashamba yalikuwa ya kijani kama kawaida yakimetameta kwa jua lililotoka. Mvua ya mawe hufanya hivyo. Inachagua mstari na kuufuata. Lakini mtu akisimama pale kituoni akatazama juu, alichoona ni kwamba uharibifu umefuata vijiti vyetu kutoka langoni hadi mwisho.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na majani ya kuchuma, kwa hiyo watu walikusanyika kituoni bila vikapu. Jua letu lilikuwa limegeuka bonge la karatasi mbichi. Lakini kichupa cha mwisho, kilichokuwa chini ya paa la kibanda, kilikuwa kizima. Mtu alikikata uzi. Ndani mlikuwa na mbegu moja peke yake, na chini yake jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mwanamke mmoja akasema alimwona mtoto wa yule Mkisii akikifunga pale. Baada ya hapo sikusikia tena mtu akitaja jina la Nyaboke. Ikawa "yule mtoto" na "yule mama." Mtu akasema kule kwao mambo ya mbegu na chupa yanajulikana. Wengine wakaitikia kwa koo tu, namna watu wanavyoitikia jambo ambalo wamekuwa wakilingoja.

Nilisema ni sisi wawili. Nilisema kwa sauti, mara kadhaa, kwamba jua lilikuwa langoni kwetu, kwamba hesabu ni zangu pia. Mzee mmoja alinishika bega kwa upole akaniambia mimi ni mtoto wa nyumbani, nilidanganywa. Sijawahi kuguswa kwa upole ulioniudhi kama ule. Nilitamani anipige.

Mama Nyaboke aliitwa. Alisimama mbele ya kibanda akiwa amemshika bintiye mkono, na mwenyekiti wa kituo akamwambia kwamba watu hawana ubaya naye, ila ingefaa atafute mahali pengine kabla ya mwezi kuisha. Yeye aliuliza swali moja tu, kosa lake ni lipi.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amesimama karibu na mizani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mezani, alikuwa ametueleza vizuri kabisa jinsi hewa ya joto inavyopanda kutoka upande wa ziwa, jinsi inavyokutana na baridi ya milima yetu, na kwamba hakuna mwaka unaopita huku bila mawe. Alijua yote. Alikuwa ameteremka ile njia akisoma yale majina. Sasa alikuwa ametoa simu yake na kuitazama, na niliweza kuona kutoka nilipokuwa kwamba kioo kilikuwa giza. Mwalimu wetu naye alipita akielekea shuleni kwa matayarisho ya wageni. Alisimama, akasema si kwa sauti kubwa kwamba ile ilikuwa projekti tu ya darasa, na mwenyekiti alipomwuliza kama ni yeye aliyewatuma watoto kufunga mbegu kituoni, alisema hapana, hakuwaambia waweke wapi. Hilo lilikuwa kweli. Akaenda.

Halafu mwenyekiti akasema nyanya yangu aitwe, kwa maana kila mtu alikuwa amesikia kwamba alitukataza. Walimhitaji aseme tu yale aliyoyasema.

Kogo alikuja polepole, akiegemea fimbo, kwa sababu njia ilikuwa bado inateleza. Aliongea Kiswahili, lugha asiyoipenda, ili Mama Nyaboke asikie.

"Ni ukweli niliwakataza," akasema. "Asis haishushwi chini. Nilisema na bado nasema."

Watu wakatazamana.

"Lakini iliwekwa kwa lango ya nani? Kwa yangu. Mjukuu wangu ndiye alipaka. Mimi niliona, nikazunguka nyuma ya nyumba. Kama Asis amekasirika, amekasirikia mimi. Kwa nini mnaita huyu?"

Mwenyekiti alimwambia kwa heshima, akimwita mama, kwamba tatizo si jua, tatizo ni chupa, na hakuna ajuaye kilichomo. Kogo akanyoosha mkono. Alipopewa, alikifungua, akaimimina ile ndengu kiganjani, akaniuliza, "Hii ni nini?"

"Ni ndengu, Kogo. Ni sayari."

Akaitia mdomoni akaitafuna. Ilikuwa ngumu, na yeye meno alikuwa amebakiwa na machache, kwa hiyo ilichukua muda. Ilimbidi ajaribu upande mmoja, kisha upande mwingine, na sisi sote tulisimama pale tukisikiliza nyanya yangu akitafuna. Alipomeza, aligeuka akaanza kupanda kurudi nyumbani.

Ningependa kusema kwamba alijua haina kitu. Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Siku hiyo alikunywa maziwa kibuyu kizima, maana maziwa kwao yalikuwa dawa ya kila sumu, na jioni aliniomba nimshike tumbo, akaniuliza kama naliona limevimba. Alikuwa anaogopa. Aliamini kila neno alilotuambia langoni, na aliamini kwamba yale wanayosema watu kuhusu mbegu katika chupa huenda ni kweli. Aliila hivyo hivyo.

Mkutano ulivunjika bila uamuzi. Hakuna aliyemfukuza Mama Nyaboke, wala hakuna aliyemwomba msamaha. Majani yalipochipuka tena, watu waliita wachumaji wengine. Mama yangu alimwita, na mashamba mengine mawili matatu, lakini hayo hayatoshi kulisha nyumba. Kabla ya muhula kwisha walihamia Sotik, ambako Mama Nyaboke alikuwa na binamu. Nyaboke aliniaga shuleni kwenye korido, haraka, kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Siku ya wazazi ilikuwa imefanyika kama ilivyopangwa. Wageni walionyeshwa ile chati ya ukutani.

Leo mimi ni mwalimu wa shule ya upili upande wa Bomet. Nafundisha fizikia. Kila mwaka kuna mtoto anayeniuliza habari ya mvua ya mawe, na ninamweleza jinsi Baba alivyotueleza, kwa sababu alieleza vizuri. Kogo alifariki nikiwa chuoni. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia kisa hiki kwa wenzangu kama kisa cha ujinga, cha kijiji kilichoogopa punje ya ndengu, nao walicheka, na mimi nilibaki nimeudhika bila kujua naudhika na nini.

Siku moja, si zamani sana, nilimwuliza Baba kwa nini alinyamaza. Tulikuwa tumekaa barazani kwake. Akasema, "Mimi nilikuwa naishi na wale watu." Hakusema kwa ukali, wala kwa kujitetea. Nami nilielewa, kwa maana mimi pia naishi na watu, na kuna mikutano ya wazazi na walimu ambamo nimesikia jina la mtu likigeuka kuwa "yule," nikahisi mkono wangu ukienda mfukoni kutafuta simu.

Kwa hiyo sisemi tena kwamba kilichotushinda ni imani ya wazee. Asubuhi ile pale kituoni kulikuwa na watu wachache waliojua ukweli, wenye elimu ya kuueleza, na walijua kwamba hakuna baya lolote litakalowapata wakiusema. Hawakusema. Na kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeogopa mbingu na chupa pia, akiamini kwamba huenda hataamka kesho, naye akaitafuna. Ninapowasahihishia wanafunzi wangu majibu yao, nikiweka alama ya sahihi penye sahihi, nafikiria kwamba sijui bado namna ya kuwafundisha kile alichokuwa nacho yeye.